Kuirudia "Funeral" na wenzako

Ndugu, nimekuelewa: mnakutana wanne kuisikiliza upya albamu "Funeral" ya Arcade Fire, bendi ya roki ya Kanada, na hata wimbo wa tatu haujaisha kila mtu yuko kwenye simu. Yalitukuta hayo. Sisi tuliziweka simu zote kwenye sufuria jikoni, kifuniko juu, jamaa mmoja akanuna nusu saa.

Albamu ni ya 2004, nyimbo 10, dakika 48 hivi. Ipigeni yote kwa mpangilio wake, ubishi baadaye. Ila jina lake, yaani "mazishi", lilitokana na misiba iliyowapata wanabendi wakirekodi, kwa hiyo kama kuna aliyefiwa karibuni, mwulize kwanza faraghani. Sauti msiifungulie mno. Masikio yakivuma hadi kesho yake, muone daktari.