Kile kipindi cha maneno magumu

Kaka, kipindi unachokiulizia, kile cha Uingereza cha kubahatisha maana za maneno adimu, ni Call My Bluff cha BBC. Kilianza 1965, kikarudi tena 1996.

Timu mbili, watatu kwa watatu. Neno linatajwa, kisha kila mmoja wa upande mmoja analieleza kivyake: mmoja anasema kweli, wawili wanazua. Wapinzani wachague. Utamu wote uko hapo, maana mzushi hodari kama Frank Muir, nahodha wa timu mojawapo, alikuwa anakutazama usoni kabisa!

Natamani mno tupate chetu cha Kiswahili. Hebu fikiria neno “shubaka”: ndege, ugonjwa, au kidaka cha ukutani cha kuwekea vitu? (Ni kidaka.)