Wadogo zangu mnaoanza kazi za viwanja vya ndege, ogopeni maji kwanza

Vijana wengi wakija saiti swali la kwanza ni lami unene wake ngapi. Mimi nawauliza, udongo wa chini mmeuloweka?

Chukueni hii hesabu. Boeing 737-800 ikijaa inagonga kama tani 79, na karibu asilimia 95 ya mzigo huo inakaa kwenye matairi manne tu ya nyuma, yaani kila tairi inabeba tani 18 na ushee. Lori hapa kwetu ekseli nzima yenye matairi manne mwisho tani 10, ukizidisha mizani wanakushika. Na tairi ya ndege ina upepo karibu mara mbili ya ya lori, kwa hiyo ile "mbona barabara inatosha" iacheni nyumbani.

Sasa mimi nilivyoumbuka. Mwaka wa kwanza nilipewa mashimo ya majaribio, ilikuwa Februari, kaskazi inapuliza, udongo mkavu kama kashata, tunagonga DCP, kile kipimo cha kupigilia chuma ardhini kwa nyundo ya kilo 8, chuma hakizami. Sampuli za CBR, yaani kipimo cha nguvu ya udongo, zinatakiwa zilowekwe siku nne, mimi kwa sababu watu wanataka majibu haraka nikapima kavu, nikaandika ripoti kwa mbwembwe kabisa kwamba ardhi safi. Masika yakaingia. Tabaka lile lile roli ya kushindilia ikipita linacheza kama godoro, tukafukua, tukatoa, tukamwaga moramu upya. Foromani mmoja wa Kidigo, mtu mzima, akaniambia "Mwanangu, pale hulimwa mpunga, ila hukuniuliza." Nikamwambia shikamoo upya siku hiyo. Watu wa Tanga husema waja leo waondoka leo, lakini maji yakishaingia chini ya lami hayana habari ya kuondoka leo, kwa hiyo mitaro ya pembeni na ile ya chini kwa chini isiwe kitu cha kufanya mwisho hela ikibaki.

Kingine ni chokaa. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni ameona maji yanavyoweza kula jiwe. Kwenye ardhi ya hivyo ukichoronga ukakuta kigumu usikimbilie kuandika "mwamba" ukahamisha mashine, shuka mita kadhaa zaidi, na ukiona fimbo imedondoka ghafla au maji ya kuchorongea yanapotea hayarudi juu, simamisha uite mkubwa wako, hapo kuna uwazi. Na mtaro usiumwagie hapo jamani, utalipanua wewe mwenyewe hilo shimo.

Kushindilia ni habari ya unyevu. Upepo wa pwani unakausha tabaka huku boza la maji limekwama foleni, basi unakuta asubuhi sawa, mchana imefeli. Pima unyevu kabla roli haijaanza, na kipimo cha mchanga cha kuangalia ushindiliaji kikikataa andika kimekataa, hata kama mwenye greda amenuna.

PCN mliyosoma chuo, ile namba ya uwezo wa uwanja kubeba ndege, imeachwa tangu Novemba 2024, sasa ni PCR. Herufi A mpaka D za nguvu ya udongo wa chini zipo bado ila zinaenda kwa MPa za ugumu wa udongo, A ni 200 na D ni 50, sio CBR tena.

Halafu nunueni buti za mpira, zile za ngozi masika ya huku haziyawezi.