Jumla ilikataa kuongezeka: makosa yangu ya kwanza katika C

Programu yangu ya kwanza ya maana katika C, lugha ya kuandikia programu, ilikuwa ya binamu yangu, kondakta kwenye matatu za mtaa wa Umoja, Nairobi. Alitaka kujua kila jioni amekusanya ngapi na wastani wa kila safari. Nikaona hiyo ni kazi ya saa moja. Ilinichukua siku nne, na siku tatu kati ya hizo niliilaumu laptopu.

Kiini cha programu kilikuwa fanksheni hii, yaani kipande cha msimbo unachokiita kwa jina lake:

void ongeza(int jumla, int nauli) {
    jumla = jumla + nauli;
}

Ndani ya main, fanksheni ambayo programu huanzia, nilianza na jumla = 0, nikaita ongeza(jumla, 50) kwa kila abiria, kisha nikachapisha jumla. Sifuri. Abiria 14, sifuri. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haikusema kitu, na haikuwa na sababu: kwa sheria za C, hakuna nilichokosea.

Kilichonifungua macho ni mstari mmoja wa printf, fanksheni ya kuchapisha. Nilichapisha &jumla, yaani anwani ya jumla kwenye kumbukumbu, kwa %p ndani ya main, kisha nikafanya vivyo hivyo ndani ya ongeza. Anwani mbili tofauti! Vilikuwa vigeu viwili, yaani visanduku viwili vya kuwekea thamani, vyenye jina moja. C hukabidhi fanksheni nakala ya thamani, kama unavyoacha fotokopi ya kitambulisho kwa mlinzi wa jengo pale mjini. Akiichora masharubu, kitambulisho chako mfukoni hakiguswi. Fanksheni yangu ilijumlisha vizuri kabisa kwenye fotokopi, ikaitupa, ikarudi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, fanksheni irudishe jibu: return jumla + nauli, na wewe ulipokee kwa jumla = ongeza(jumla, 50). Usisahau kulipokea. Mimi nilisahau, nikapata sifuri tena na kuapa kwamba nimelogwa. Ya pili, ipe fanksheni anwani: tangaza int *jumla, uiite kwa &jumla, na ndani uandike *jumla = *jumla + nauli. Ukifika hapo utaelewa pia kwa nini scanf, inayosoma unachoandika kwenye kibodi, hudai ile alama ya &: isipopewa anwani, haina pa kuweka ulichoandika. Kwa anayeanza, napendelea ile ya kwanza. Pointa, yaani vigeu vinavyoshika anwani, zina vituko vyake. Kwa mfano, *jumla++ husogeza pointa na kuiacha thamani vilevile.

Kosa la pili lilikuwa la hila zaidi, kwa sababu kwangu halikuonekana. Niliandika fanksheni ya kujumlisha nauli za siku nzima, nikatangaza int jumla. Bila kuipa thamani. Kwenye laptopu yangu majibu yalikuwa sahihi wiki nzima. Nilipoikompaili kwenye mashine ya rafiki, binamu alikuwa amekusanya shilingi 32,764 zaidi ya alizoshika mkononi. Alifurahi kwa dakika moja hivi.

Kigeu cha ndani ya fanksheni ni kama bedsita uliyohamia bila kuifagia: unakuta alichoacha mpangaji wa jana. Mara nyingine ameacha sifuri, ndiyo maana kosa hujificha. Vigeu vya nje ya fanksheni zote, na vile vilivyotangazwa kwa neno static, huanza na 0, na kuna atakayekushauri uvihamishie huko. Usimsikilize. Andika int jumla = 0; na yaishe.

Wastani nao ulinipiga chenga kidogo. Shilingi 1,250 kwa safari 4 zilinipa 312 badala ya 312.5, ingawa kigeu cha kupokea kilikuwa double, aina inayobeba desimali. Namba nzima (int) kwa namba nzima hugawanywa kama namba nzima, na desimali huwa imeshapotea kabla haijafika kwenye double. Andika (double)jumla / safari.

Kompaila yangu ni gcc, na siku hizi sikompaili bila gcc -Wall -Wextra -Wshadow -O2 -g. Zile za -W huwasha maonyo. Ile -Wshadow hunikamata ninapotangaza jumla nyingine ndani ya kitanzi, nayo haimo ndani ya -Wall, lazima uitaje. Ile -O2 nimeiweka kwa sababu gcc hugundua vigeu vingi visivyo na thamani pale tu inapochambua msimbo kwa kina. Ninapotaka kupita mstari kwa mstari kwa gdb, chombo cha kufuatilia programu ikiendelea, naiondoa kwanza, la sivyo gdb hurukaruka kama matatu inayokwepa foleni ya Jogoo Road. Na makosa yakijaa skrini, nasahihisha la kwanza tu, kisha nakompaili upya. Aghalabu kumi ya chini yake hutoweka nalo. Ukiita fanksheni usiyoitangaza juu, gcc za zamani zitakuonya tu na kuendelea, lakini kuanzia toleo la 14 la mwaka 2024 hilo ni kosa kamili.

Programu ilipokaa sawa nilimwonyesha binamu Jumapili moja. Akaitazama, akauliza kama inaweza kumtambua abiria aliyeshuka bila kulipa. Nikamwambia hapana. Bado anatumia kidaftari.