Uholanzi ni ndogo kama Dodoma, hayo mazao inayouza nje inayalima wapi?

SWALI: Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Vitabu vinasema Uholanzi kwa miaka mingi imekuwa ya pili duniani, nyuma ya Marekani, kwa thamani ya mazao na vyakula inavyouza nje. Nikiangalia eneo lake, halizidi sana mkoa wa Dodoma. Wanalima wapi? Na mauzo yao ya nje yanafikaje zaidi ya asilimia 80 ya pato la taifa?

JIBU: Mengine hawayalimi kabisa. Chukua kakao. Uholanzi hailimi kakao, lakini bandari ya Amsterdam hupokea kakao nyingi kuliko bandari yoyote duniani. Gunia linatoka Côte d'Ivoire au Ghana. Jingine linauzwa Ujerumani kama lilivyokuja, jingine linasagwa viwandani na kutoka likiwa siagi na unga. Yote mawili yanaandikwa mauzo ya Uholanzi. Mwaka 2022 mauzo ya kilimo yalikuwa takriban euro bilioni 122, na kama bilioni 80 ndizo zilikuwa za bidhaa zilizozalishwa au kusindikwa kwao.

Cha kuangalia ni mali ni ya nani. Kontena likishushwa Rotterdam na mzigo ni wa mnunuzi wa Ujerumani tangu mwanzo, hiyo ni transiti tu, sawa na mzigo wa Lubumbashi unaopita Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Uholanzi akiununua kwanza kisha akauuza, umeingia kwenye mauzo ya nje. Idara yao ya takwimu, CBS, hukadiria kuwa euro moja ya mauzo ya namna hii huacha nchini senti 10 hivi. Bidhaa iliyotengenezwa hukohuko huacha zaidi ya nusu.

Ile asilimia 80 nayo huwachanganya wengi. Pato la taifa huhesabu thamani iliyoongezwa nchini, mauzo ya nje huhesabu bei nzima ya mzigo pamoja na kilichoagizwa ndani yake. Ukitoa hicho kilichoagizwa, mauzo ya nje huchangia takriban theluthi moja ya pato lao.

Usiwaite madalali, hata hivyo. Kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, bei ya waridi la Naivasha huanza juu na kushuka; anayewahi kubonyeza ndiye kanunua, na yote huisha kwa sekunde chache. Mkulima wa Kenya anafuata pale wanunuzi wengi waliokusanyika, na malori ya kusambaza maua Ulaya nzima. Hilo halijengwi kwa mwaka mmoja. Pia wanalima kwelikweli: nyanya na pilipili hoho za vitalu nyumba vya Westland, maziwa, mbegu za viazi. Vitalu hivyo vilizoea gesi ya bei nafuu, ndiyo maana bei ilipopaa mwaka 2022 wakulima wengine walizima taa za kukuzia mimea. Na nje ya kilimo kuna ASML ya Veldhoven, kampuni pekee duniani inayotengeneza mashine za kuchapa chipu za kompyuta kwa mwanga wa EUV, yaani urujuanimno wa mawimbi mafupi sana.

Kwa kazi yako ya darasani, tafuta jedwali linalotenganisha bidhaa za ndani na zile zinazouzwa tena. Na ukikuta maua ya Kenya yameandikwa kwenda Uholanzi, usidhani yamebaki huko; mengi yanaishia Ujerumani, Ufaransa na kwingineko.