Mwanangu, usiipime siku ile kwa kilo

Mwanangu mpenzi,

Huku Igombe, Mwanza, hatujambo. Baba yako goti linamsumbua, ila anatembea. Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza kama siku ile ulipotukodia boti tulifurahi kweli au tulikustahi tu, maana ulitoa pesa nyingi tukarudi na sato wawili na sangara mmoja. Tena umeuliza kama Desemba ukodi boti kubwa zaidi twende kina kirefu, mpaka kisiwa cha Rubondo, kwa kuwa wenzako wa Dar wanakwenda bahari kuu na kurudi na nguru na jodari.

Tulifurahi, mwanangu. Nisingefurahi ningekwambia, unanijua.

Hilo la kina kirefu liache. Ziwa letu la Victoria si bahari. Penye kina kuliko kote ni kama mita 80, na kwa wastani ni mita 40 hivi. Tena huku kwenda kina kirefu si kuwafuata samaki. Kuanzia kama Septemba, jua linapozidi, maji ya juu yanapata joto na hayachanganyiki na yale ya chini. Yale ya chini yanaishiwa hewa, na sangara hastahimili maji yasiyo na hewa. Anapanda, anasogea karibu na kingo. Mpaka upepo wa kusini wa Juni hadi Agosti uje uvuruge ziwa ndipo kule chini kunakalika tena. Wavuvi wanalijua hilo kwa nyavu zao, na wataalamu wa samaki wamelipima. Kwa hiyo Desemba ukichoma mafuta kwenda mbali utakuwa umenunua mawimbi. Mwambie kijana wa boti azunguke kwenye miamba ya visiwa vya karibu, sangara anapenda kuvizia hapo.

Na ule uchache wa samaki usikuumize. Baba yako enzi zake alitega migonzo, kamba moja ina mamia ya ndoano, kila ndoano ina furu, wale samaki wadogo, kama chambo. Sisi siku ile tuliburuta chambo mbili tu, samaki wa plastiki, nyuma ya boti, katika ziwa ambalo usiku kucha limevuliwa na nyavu na taa za dagaa. Kumpata sangara wa kuchukua nyumbani kwa namna ile si haba hata kidogo.

Nilikuona uso ulivyobadilika mwenye boti alipowapima wale sangara wadogo na kuwarudisha majini. Ulitaka deli lijae. Lakini sheria inakataza sangara aliye chini ya sentimita 50, na sababu yake ni nzuri: jike wa urefu ule bado hajaanza kutaga. Mimi niliyeona vichanga vya samaki vikimwagwa sokoni kwa ndoo, nilimshukuru yule kijana moyoni.

Sasa nikwambie kilichonifurahisha mimi, maana hukuniuliza hasa hilo.

Unajua nimeuza samaki Mwaloni, Kirumba, tangu hujazaliwa. Sangara alipoanza kuwa mwingi mama zetu hawakumpenda, mafuta mengi, hakaushiki juani kama furu, ukitaka kumbanika unamaliza kuni. Baadaye vikaja viwanda vya minofu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukagombania mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye mapanki yale. Samaki yule nimemjua miaka yote hiyo akiwa amekufa, yuko kwenye mzani, na mimi kichwani napiga hesabu ya bei.

Siku ile mjukuu wangu ameshika fimbo ya kuvulia, baba yako amemshika kiuno, mshipi ukakaza, na sangara akaruka juu ya maji mzima mzima, mdomo wazi, anatikisa kichwa kwa hasira ya kukataa. Lile jicho jeusi lenye duara la njano nimeliona maelfu ya mara likiwa limefifia. Sikuwahi kuliona linang'aa. Nilipiga kelele, mlisikia wote, mkadhani naogopa. Sikuwa na hofu. Niliona ni kiumbe mzuri mno, na nilishangaa kwamba samaki aliyetulisha sote sikuwahi kumwona anaishi. Kwa hilo peke yake, baba, pesa yako haikupotea.

Rubondo tutakwenda siku nyingine, kwa ajili ya sokwe na tembo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na uvuvi wa pale una kibali na gharama zake.

Desemba basi, boti ileile inatosha. Tuondoke alfajiri, turudi kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Jambo moja silikubali tena: zile jaketi okozi zilikuwa za watu wazima, mtoto ilimpwaya mpaka magotini. Sisi wa Mwanza hatujasahau meli ya MV Bukoba iliyozama 1996. Mwenye boti asipokuwa na za watoto, nunua mwenyewe huko Dar uje nazo. Wale sato niliwaunga nyanya, tukala na ugali wa udaga, ule wa muhogo. Mwenzio alisema hajawahi kula sato mtamu vile, kwa hiyo mwambie safari ijayo ataingia jikoni na mimi.

Nijulishe tarehe mapema nimtafute yule kijana.

Mama yako