Mkulima wa Iowa aliyepigana Vietnam: niliyoyaona kwa misimu sita

Mleta uzi kauliza kama ni kweli mkulima mzungu kule Marekani ni tajiri anayebebwa na serikali, na kama aliwahi kwenda vitani basi analipwa mpaka anaingia kaburini bila kuhangaika. Wakuu wengi mmejibu ndiyo. Mimi nimemfanyia kazi mmoja wa aina hiyo misimu sita, mashariki mwa Iowa, nje kidogo ya Cedar Rapids. Jina lake naliacha.

Mimi ni mtu wa Mbozi, nimekulia kwenye mahindi na kahawa. Nilifika Iowa 2014 nikaanzia kiwanda cha nyama ya nguruwe, zamu ya usiku, hadi vidole vikagoma kukunja. Mwaka uliofuata Mkongo mmoja tunayesali naye akanidokeza kuwa kuna mzee anatafuta dereva wa lori la nafaka kipindi cha mavuno. Mzee alikuwa na miaka 66. Swali lake lilikuwa moja: unajua kurudi nyuma na tela? Nikasema najua. Nilidanganya, na dakika kumi hazikupita akajua. Hakunifukuza. Alisimama nyuma akinielekeza kwa mkono mpaka nikaweza.

Tuanze na huo utajiri. Alilima kama ekari 600, mahindi na soya kwa kupokezana, na zaidi ya nusu ni za kukodi. Mwaka ukiwa mzuri ekari moja inatoa busheli 200 za mahindi. Busheli ni kilo 25 na ushee, kwa hiyo piga gunia 50 za kilo mia. Mimi Mbozi nikitoa 15 natembea kifua mbele! Sasa teremka kwenye matumizi. Mwaka 2016 busheli ilikuwa chini ya dola 4, kodi ya ekari inapita dola 200, hapo hujagusa mbegu, mbolea, dawa, dizeli na gesi ya kukaushia, maana mahindi yanavunwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20 na zaidi na lazima yashuke mpaka 15 ndipo yakae ghalani. Bei hapangi yeye, inatoka soko la Chicago, anaisikia redioni akiwa anakula mchana. Ruzuku ipo, bima ya mazao ipo, sikatai. Lakini kombaini yake ilikuwa ya miaka ya 90, na mkewe alikuwa karani wa shule kwa sababu moja kubwa: bima ya afya ya familia.

Vita alikuwa haongelei. Niliyoyapata niliyapata vipande vipande, usiku, tukisubiri lori lijae. Aliitwa jeshini 1969. Sheria ya wakati ule iliweza kumwacha kijana anayehitajika shambani, ila kwao nafasi hiyo ilikuwa ya kaka mkubwa. Akakaa Vietnam miezi 12. Alirudi 1970 mavuno yakiwa yameanza, na wiki hiyo hiyo akapanda trekta. Kwenye shada la funguo zake kulikuwa na kifungua kopo kidogo cha jeshi, kibati kisichofika urefu wa kidole. Ndicho alichochania mifuko ya mbegu.

Jambo lililonishangaza ni siku za kupuliza dawa ya magugu. Mzee haonekani. Wanakuja watu wa ushirika na mashine yao, yeye anawasha pikapu anaenda mjini kunywa kahawa. Nikadhani ni uvivu. Hadi mwezi wa Aprili wa mwaka mmoja, tunatengeneza mashine ya kupandia, upepo ukaleta harufu kutoka shamba la jirani. Aliacha spana ikining'inia kwenye nati, akaingia ndani, nikasikia madirisha yanafungwa moja baada ya jingine.

Harufu yenyewe naijua. Ni 2,4-D. Mbozi nilikuwa napuliza kwa bomba la mgongoni, shati nimelifunga kiunoni. Ile dawa ambayo ndege za Marekani ziliimwaga juu ya misitu ya Vietnam, ya mapipa yenye mstari wa rangi ya chungwa, nusu yake ilikuwa hii hii. Nusu ya pili, 2,4,5-T, ndiyo iliyobeba sumu ya dioksini na baadaye ikapigwa marufuku. Mzee alinichambulia tofauti hiyo vizuri kuliko bwana shamba yeyote niliyewahi kumsikiliza. Pua yake tu ndiyo iliyokataa kuelewa.

Kuhusu malipo: tangu 2001 serikali yao inakubali kwamba aliyehudumu Vietnam akipata kisukari cha aina ya pili, kinahesabiwa kimetokana na dawa ile. Mzee aliishi na sukari miaka mingi bila kudai, akisema fedha hizo ni za waliokatwa miguu. Fomu alijaza mkewe. Barua zilienda na kurudi mpaka nikazoea kumwona postamani. Fedha ya kwanza ilipoingia, ilinunua tairi za lori nililokuwa naendesha.

Lakini kidonda chenyewe, kwa ninavyomjua, kilikuwa ekari 80 kando ya barabara. Alizinunua kwa mkopo 1979. Januari 1980 Rais Carter akazuia nafaka kwenda Urusi ya Kisovieti kwa sababu iliivamia Afghanistan, na kufikia Desemba riba za mabenki zilikuwa asilimia 21.5. Ekari ya Iowa iliyokuwa na wastani wa dola 2,147 mwaka 1981, ilifika 787 mwaka 1986. Deni likabaki pale pale. Akauza zile ekari pamoja na ng'ombe wote. Jirani yake mmoja alijitoa uhai. Kila tukipita pale na lori alikuwa ananitajia bei ya siku hiyo ya ardhi ile, kwa ekari, bila kuulizwa.

Agosti 10, 2020 upepo wa derecho, yaani dhoruba ya upepo mkali unaosukuma mbele kwa mstari mrefu, ulilaza mahindi yote na kukunja maghala yake mawili ya bati kama kopo la soda. Mwaka uliofuata akaitisha mnada wa mashine. Watoto wawili, wote wako mjini, hakuna aliyetaka. Shamba sasa analima jirani mwenye ekari 3,000, na mimi ndiye dereva wake.

Mahindi kule hayapandwi mpaka joto la udongo lifike 50 kwa vipimo vyao, kama 10 kwa vyetu. Kila Aprili mzee ananipigia kuuliza limefika ngapi. Mwaka huu nilimwambia 48. Akasema msiharakishe, akakata simu.