Lina, Rina na Ndimi za Kanda ya Ziwa: Majibu kwa Wasomaji

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: majina yanayokaribiana kwa sauti, na jinsi lafudhi za kwetu, kuanzia Magu mpaka Tarime, zinavyoyageuza. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari hapa Mwanza kwa miaka mingi, na kila asubuhi niliita majina kutoka kwenye daftari la mahudhurio, kwa hiyo jambo hili nililijua kwa masikio kabla sijalisoma vitabuni.

Ninatarajia mapacha wa kike, na nimewachagulia majina ya Lina na Rina. Mama mkwe wangu, ambaye ni Msukuma wa Misungwi, anasema nimechagua jina moja mara mbili. Je, ni kweli? (Mama mtarajiwa, Igoma)

Mama, kwa masikio ya mkwe wako ni kweli kabisa, na masikio hayo ndiyo yatakayoishi na watoto hao. Kisukuma cha asili hakina sauti r; kina l peke yake. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na uwezo wa kutambua tofauti za sauti za lugha yoyote, lakini anapokaribia kutimiza mwaka mmoja, masikio yake huwa yameanza kushika zile tofauti zinazobeba maana katika lugha anayosemeshwa nyumbani, na nyingine huziacha zipite. Aliyelelewa kwa Kisukuma kitupu, ukimtajia Lina kisha Rina, husikia jina lilelile limerudiwa. Hilo si uzembe wala ukosefu wa shule, na huniuma kila ninapoona mtu mzima akichekwa kwa sababu hiyo.

Ukielekea Mara, mambo hugeuka. Kikuria kina r na hakina l, kwa hiyo huko mapacha wako wote wawili wangekuwa Rina. Waganda, kaskazini mwa ziwa, wanazo sauti zote mbili, ila zimegawana nafasi: r hufuata irabu e na i, na l hukaa kwingineko, hivyo anayeamua ni irabu iliyotangulia wala si msemaji. Huko Bukoba, jina la kike linalotokana na neno la amani huandikwa Kemilembe katika nyumba moja na Kemirembe katika nyumba ya jirani, na hakuna anayegombana na mwenzake kwa ajili hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba majina ya ndugu, na ya mapacha zaidi ya wote, yatofautiane kwa sauti nyingi, wala tofauti yake isiachiwe l na r peke yake. Tazama walivyofanya wazee wa Kisukuma. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na majina hayo mawili hayana konsonanti hata moja wala irabu hata moja ya pamoja. Ukiita kutoka upande wa pili wa shamba la pamba, atakayegeuka ni yule uliyemkusudia. Hata anayezaliwa baada yao, Shija, hagongani nao. Sijui mpango wa majina uliofikiriwa vizuri kuliko huo. Ikiwa hutaki majina ya asili, Lina na abaki na jina lake, na pacha wake aitwe Jeska.

Binti zangu ni Meri na Sara. Bibi yao huwaita Meli na Sala, na watoto wakubwa wa jirani hucheka. Nimsahihishe mama yangu? (Baba, Nyakato)

Usimsahihishe, si mbele ya wajukuu wala faraghani. Ni kweli kwamba meli ni chombo kinachofunga gati pale bandarini, na kwamba sala ni ibada, lakini mtu akisikia "Meli, njoo ule" hawezi kudhani kwamba chombo kinaitwa chakulani. Mazingira ya mazungumzo hufanya kazi ambayo sauti moja imeshindwa kuifanya. Wa kusahihishwa ni wale wanaocheka. Wafundishe binti zako jambo moja tu: kila mara mtu anaposhika kalamu ili aandike majina yao, waseme wenyewe, "Sara, kwa herufi r." Tangu hapo bibi ana ruhusa ya kuwaita apendavyo.

Mimi ni karani wa zahanati. Mama akinitajia Fazili, Razia au Asumani, niandike nilivyosikia au niandike Fadhili, Radhia na Athumani? (Sengerema)

Nashukuru kwa kuuliza, kwa maana kalamu yako ndiyo inayoanza, na nyaraka nyingine zote za mtoto zitaifuata. Sauti dh, th na gh ziliingia katika Kiswahili hasa kwa maneno yenye asili ya Kiarabu, na lugha nyingi za bara hazinazo, kwa hiyo mzungumzaji huzipeleka kwenye sauti iliyo jirani: dh huwa z, th huwa s, gh huwa g. Hata kh ya Khadija imekuwa h kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, wakiwemo wa pwani, na ndiyo maana Hadija na Khadija yote mawili ni maandishi halali. Shida ni kwamba baadhi ya matamshi haya yamekwisha kuwa majina kamili. Wapo watu wanaoitwa Razia kwa herufi z tangu cheti cha kuzaliwa, na ukiwaandika Radhia kwa kudhani unawasaidia, umewapa jina lisilo lao.

Kwa hiyo usiandike ulichosikia, na usiandike unachodhani ni sahihi. Uliza. Kama mama anasoma, mpe karatasi aandike mwenyewe. Kama hasomi, muulize, "Mmempa jina la nani?" Huku kwetu watoto wengi hurithi jina la babu, la shangazi au la somo wa mama, na mara nyingi mwenye jina ana kitambulisho au cheti cha kutazama. Baada ya kuandika, msomee mama silabi kwa silabi, halafu mwonyeshe baba karatasi ikiwa amefika. Najua foleni ni ndefu na benchi limejaa, lakini nimewaona wanafunzi wa kidato cha nne wakihangaika na hati za kiapo kwa sababu ya herufi moja iliyoandikwa kwa haraka siku walipozaliwa.

Kwa nini majina ya Kikuria kama Bhoke na Ghati huandikwa kwa h, na hapa Mwanza hutamkwa Boke na Gati? (Mkazi wa Mabatini)

Herufi h hapo haitamkwi peke yake. Inaonyesha kwamba sauti inayotangulia ni laini. Katika Bhoke midomo husogeleana bila kufungana kabisa, na hewa hupita katikati. Gh ya Ghati ni ileile ya ghali na ghala, kwa hiyo anayesema "gali" atasema "Gati" pia, na anayeweza moja anaweza yote mawili.

Mimi ni Mjaluo wa Shirati, na jina langu ni Otieno. Kazini Mwanza wamenijazia fomu mara mbili kwa jina la Atieno, ambalo ni la kike. Je, wananidharau?

Sidhani, ndugu yangu. Katika majina ya Kijaluo irabu ya kwanza ndiyo inayotaja jinsia: Otieno na Atieno wote wamezaliwa usiku, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke. Kiswahili hakina desturi ya kuutwisha mwanzo wa jina mzigo huo. Tena mtu akisema kwa haraka "kwa Otieno" au "na Otieno", a ya neno lililotangulia huifunika o yako, na karani husikia Atieno. Waeleze kanuni hiyo mara moja, nao wataishika. Wewe nawe uwavumilie wakikukumbusha kwamba Shija si Sija, kwa kuwa Kijaluo cha asili hakina sh. Ila kwa l na r ninyi hamna tatizo, na katika hilo mnatupita wengi.

Ukoo wetu ni wa Ng'washi, lakini cheti changu cha shule kinasema Mwashi, na fomu nyingine imeandikwa Ngwashi. Lipi ni sahihi? (Kisesa)

Lenu ni Ng'washi. Mahali ambapo Kiswahili kina mw, mara nyingi Kisukuma kina ng'w: mwana ni ng'wana, na mji huu wenyewe Wasukuma huuita Ng'wanza. Mcheza ngoma maarufu wa Usukuma wa zama za Wajerumani huandikwa Ng'wanamalundi na pia Mwanamalundi, na wasomaji hutambua kwamba ni mtu mmoja. Makarani wa zamani waliandika kwa sikio la Kiswahili, ndipo ikatokea Mwashi. Ngwashi ni jambo jingine: ni kosa la kuacha ritifaa, yaani ile alama ya ' baada ya ng, na linabadilisha matamshi, kwa kuwa ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe.

Hata hivyo, kwenye nyaraka usahihi wa ukoo na usalama wako ni mambo mawili. Ikiwa vyeti vyako vya elimu na kitambulisho cha Taifa vyote vinasema Mwashi, baki nalo katika karatasi, na Ng'washi lirudi kwa watoto wako, likiandikwa pamoja na ritifaa yake tangu kadi ya kliniki. Ikiwa nyaraka zako tayari zinapingana, nenda kwa wakili uandae hati ya kiapo sasa, kabla ajira au mirathi haijakulazimisha kufanya hivyo kwa mbio.

Nina darasa lenye Salma na Salima. Nikiita mmoja, wote wawili huitika "nipo". (Mwalimu mgeni, Ukerewe)

Lugha zetu za Kibantu hupenda silabi iishie kwa irabu, kwa hiyo l na m zinapokutana ndani ya Salma, ulimi huchomeka i ndogo katikati, na majina mawili huwa moja. Hata ukijitahidi kutamka vizuri, mwalimu, masikio ya darasa zima yataichomeka kwa niaba yako. Ita kila mmoja pamoja na jina la baba yake. Mimi nilifanya hivyo tangu wiki ya kwanza ya muhula, na yule ambaye hakuitwa aliendelea kuandika bila kuinua kichwa.